Hamira au kijiti cha pombe: uchague chachu ipi kuchunguza seli inavyojua imekua?

Kila mwaka, msimu wa mapendekezo ya mradi ukifika, mlango wa maabara hauachi kubishwa. Safari hii aliyetangulia alikuwa binti wa mwaka wa tatu, mkononi ana pakiti ya hamira aliyonunua duka la jirani na hosteli.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Tunapika maandazi leo?"

"Hapana, mwalimu. Nataka kuchunguza seli inajuaje kwamba imefikia ukubwa wa kugawanyika. Hii itanitosha?"

Mimi si mwalimu, ni fundi sanifu wa maabara, ila wanafunzi wananiita hivyo na nimeshachoka kuwasahihisha. Nilimjibu "inategemea", akanitazama kama mteja aliyeambiwa bei haijapangwa. Hili hapa ndilo jibu refu nililomwahidi, nami naliandika ili limfae na mwingine aliyekwama palepale: mwanafunzi wa Mlimani au Muhimbili, au mwalimu wa sekondari kule Temeke mwenye hadubini moja na darasa la watoto hamsini.

Chachu mbili ndizo zilizobeba uzito wa utafiti huu kwa zaidi ya nusu karne. Moja ni hamira yenyewe, *Saccharomyces cerevisiae*. Ni seli ya mviringo uliorefuka kidogo kama yai, kipenyo chake maikromita 5 hivi, nayo huzaa kwa kuchipua: uvimbe mdogo hutokeza ubavuni, hukua, hupata kiini chake, kisha hukatika na kuwa seli binti. Nyingine ni *Schizosaccharomyces pombe*, seli ndefu mfano wa kapsuli ya dawa, unene wake maikromita 3 hadi 4. Hii hurefuka kwenye ncha bila kunenepa, na ikifika maikromita 14 hivi hujenga ukuta katikati na kuachana vipande viwili vilivyo sawa. Kwa kuwa hamira nayo hutengeneza bia, kuiita hii ya pili "chachu ya pombe" kutatuchanganya. Nitaiita kijiti.

Na ndiyo, hilo "pombe" ni neno letu lilelile. Mwaka 1893 Mjerumani Paul Lindner aliieleza chachu hii baada ya kuikuta kwenye bia ya nafaka iliyotoka Afrika Mashariki, enzi hizo pwani yetu iko chini ya Wajerumani, akaipa jina la kinywaji alimoikuta. Wanafunzi wakisikia habari hii huvimba kifua, nami huwa sina haraka ya kuwapa nusu yake ya pili: ukoo unaotumika karibu kila maabara duniani leo, ule ambao Mswisi Urs Leupold aliuanzishia utafiti wa jenetiki miaka ya 1940, haukutoka kwenye mtungi wa Kiafrika. Ulitoka kwenye maji ya zabibu za Ufaransa. Jina tumetoa sisi, ukoo umetoka kwa wengine.

"Kujua ukubwa" ni kujua nini?

Kabla ya kuchagua chachu, amua kwanza unauliza nini. Nenda kasimame kituo cha daladala Gongo la Mboto. Konda wa kwanza haondoi gari mpaka lijae. Aliyeanza na abiria watatu atapiga debe sana, aliyeanza na kumi na watano atapiga kidogo, na wote wawili wataondoka na idadi ileile. Huyo anapima. Sasa nenda stesheni ya SGR. Treni ya Morogoro saa yake ikifika inaondoka, iwe imejaa au mabehewa yanatoa mwangwi. Hiyo inafuata saa. Yuko na konda wa tatu, wa kubuni, maana sijawahi kumkuta barabara yoyote ya mji huu: huyu kila safari anaongeza abiria saba tu, hata kama alianza na wangapi. Huyo anaongeza.

Turudi kwenye seli. Chukua vijiti viwili vilivyozaliwa sasa hivi, kimoja kina urefu wa maikromita 6, kingine 8. Vikiwa vinapima, vyote vitagawanyika vikifika 14. Vikiwa vinaongeza 7, kimoja kitagawanyika kwenye 13 na kingine kwenye 15. Vikiwa vinafuata saa, na kila kimoja kinajirudufu kwa muda uleule, vitagawanyika kwenye 12 na 16, watoto watazaliwa na 6 na 8 kama wazazi wao, na ile tofauti ya mwanzo itarithiwa bila mtu kuisahihisha. Anayeongeza husahihisha taratibu: wa 8 anagawanyika kwenye 15, watoto wanaanza na 7.5, wanagawanyika kwenye 14.5, wajukuu wanaanza na 7.25. Kosa linapungua nusu kila kizazi. Anayepima hulimaliza kwa mara moja.

Mradi wako wote uko ndani ya mchoro mmoja. Mhimili wa chini ni ukubwa wa kuzaliwa, wa pembeni ni ukubwa wa kugawanyika, na kila seli uliyoifuatilia ni nukta. Nukta zikilala bapa, seli zinapima. Zikipanda kwa mteremko wa 1, zinaongeza. Zikipanda kwa mteremko wa 2, zinafuata saa.

Mwaka 1977 Peter Fantes, huko Edinburgh, alifuatilia vijiti kimoja baada ya kingine na kukuta karibu na ule ulalo bapa: kilichozaliwa kifupi kilichelewa, kilichozaliwa kirefu kiliwahi, na vyote vikagawanyika karibu urefu mmoja. Hamira haijawahi kutoa jibu safi namna hiyo. Mwaka huohuo Johnston, Pringle na Hartwell wa Marekani walionyesha kwamba seli ndogo ya hamira haichipui mpaka ikue kwanza, kwa hiyo kupima kupo. Lakini ukiutazama mzunguko mzima wa seli binti, tangu kuzaliwa hadi kugawanyika, vipimo vya miaka ya karibuni vinaiweka karibu na yule konda wa tatu ambaye mimi nilidhani hayupo.

Suala la rula

Hapa ndipo, kwa maoni yangu, uamuzi mwingi unapofanyikia, na ndipo wanafunzi wasipopatazama.

Hadubini ya kawaida ya mwanga, hata ikiwa nzuri, haikuonyeshi ukingo wa seli kwa uhakika wa chini ya kama robo ya maikromita. Hiyo haitokani na umaskini wa maabara yetu, ndivyo mwanga wenyewe ulivyo. Chukua seli ya hamira yenye kipenyo cha maikromita 5 na ukosee kwa 0.25. Umekosea kipenyo kwa asilimia 5. Lakini ujazo wa tufe unakwenda na kipenyo kwa kipeo cha tatu, kwa hiyo ujazo umeukosea kwa karibu asilimia 15. Tena hamira si tufe kamili. Ni yai, na yai hilo limelala upande upendao, na wewe unaliona kutoka juu tu. Likianza kuchipua unakuwa na mayai mawili ya kupima na kujumlisha.

Kijiti kinakua kwa kurefuka. Kosa lilelile la 0.25 kwenye urefu wa 14 halifiki asilimia 2. Pima urefu tu, unene uache, mambo yamekwisha. Na wakati wa kugawanyika huhitaji kubahatisha: ukuta wa katikati unaonekana kama mstari mwembamba uliokata seli, hata bila rangi. Katika mchuzi (maji yenye chakula cha chachu) ambao seli zake zinakua vizuri, seli zenye mstari huo huwa kama 10 hadi 15 katika kila 100. Unapiga picha kwa simu kupitia lenzi ya macho, unatafuta zenye mstari, unapima hizo tu. Urefu wake hutofautiana kidogo sana kutoka seli hadi seli, kwa kawaida chini ya asilimia 10, kiasi kwamba ukipima mia moja wastani wako unakuwa na kosa la asilimia 1 au pungufu. Kwa vifaa vya shilingi chache, huo ni usahihi wa kumwonea wivu.

Kijiti kina siri nyingine ya kijiometri inayonifurahisha mpaka leo. Kapsuli yenye ncha za nusu tufe, eneo la ngozi yake ya nje ni 2π mara nusu kipenyo mara urefu mzima. Ncha hazibadilishi kitu. Kwa hiyo seli za unene mmoja, urefu ukirudufika na eneo hurudufika hivyohivyo. Ujazo hauendi sambamba: kijiti chenye unene wa maikromita 4 kikitoka urefu wa 7 kwenda 14, eneo linatoka 88 kwenda 176, ila ujazo unatoka kama 71 kwenda 159, zaidi ya mara mbili. Sasa jiulize: seli inapojua imekua, inajua urefu, eneo au ujazo? Kwa seli za unene mmoja rula yako haiwezi kutenganisha urefu na eneo hata ukiisugua usiku kucha. Walioamua kulijibu swali hilo ilibidi watumie vijiti vilivyobadilishwa kijenetiki viwe vyembamba au vinene, na mwaka 2019 jibu lililotoka ni eneo la ngozi.

Hamira haina mchezo wa namna hii wa kukupa.

Kila chachu inasemaje

Hamira hufanya uamuzi wake mapema, kabla ya kurudufisha DNA, mahali ambapo Leland Hartwell alipaita START. Seli ikipita hapo hakuna kurudi nyuma. Mlinzi wa lango hilo ni protini iitwayo Whi5, ambayo kazi yake ni kuzuia. Jeni za kundi la WHI zimepewa jina kutokana na wiski, kwa hiyo ukichagua hamira bado hujakimbia ulevi.

Mwaka 2015 kundi la Jan Skotheim huko Stanford lilitoa maelezo mazuri kiasi kwamba yalienea haraka. Fikiria mchuzi uliokwisha kutiwa chumvi. Ukiongeza maji, chumvi haipungui hata chembe, ila ukali wake unapungua. Walisema seli ya hamira inapozaliwa inakabidhiwa Whi5 kiasi fulani, halafu katika kipindi cha kungoja haitengenezi nyingine ya maana. Seli inapokua, Whi5 inazimuka. Ikizimuka vya kutosha, kizuizi kinalegea, lango linafunguka. Seli ndogo ina safari ndefu ya kuzimua. Kubwa ina fupi. Upimaji bila rula.

Ni maelezo ya kupendeza, nami niliyasimulia kwa wanafunzi kama amri ya mahakama. Kisha maabara nyingine zikapima zikasema mkusanyiko wa Whi5 hawauoni ukishuka hivyo. Na mwaka 2020 Barber, Amir na Murray walibadilisha namna Whi5 inavyotengenezwa wakakuta seli zinaendelea kusimamia ukubwa wake. Wa upande wa kwanza nao wana majibu yao. Wengine wanaelekeza macho kwa Cln3, protini inayosukuma badala ya kuzuia. Ukichagua hamira kwa ajili ya kueleza utaratibu wa ndani, jua unaingia kwenye baraza ambalo wazee bado wanabishana, na mwanafunzi wa mwaka wa tatu hana kiti pale. Ukichagua kwa ajili ya kuona tu seli ndogo ikichelewa kuliko kubwa, hilo halina ubishi.

Hata hapo pana tahadhari moja. Binti huzaliwa mdogo kuliko mama, hungoja zaidi kabla ya kuchipua, na mwanafunzi huandika: "kwa sababu ni mdogo." Si kwa udogo pekee. Binti hupokea protini mbili, Ace2 na Ash1, zinazompunguzia Cln3, kwa hiyo angechelewa kidogo hata kama angelingana na mama. Ulinganisho wa haki ni binti mdogo na binti mkubwa.

Kijiti kinaamua mwishoni. Kimesharudufisha DNA, kinakaa kinakua, halafu ndipo kinajiuliza kama kimetosha kugawanya kiini. Habari hii inaanza na Paul Nurse, ambaye mwaka 1975, akiwa kijana huko Edinburgh, alitangaza vijiti vyenye kasoro vilivyogawanyika vikiwa na karibu nusu ya ukubwa wa kawaida. Aliviita wee, neno la Waskoti kwa kitu kidogo. (Sisi tukisikia "wee!" tunageuka kuangalia nani kaitwa.) Umuhimu wake uko hapa: seli ikidhoofika kwa kasoro, kwa kawaida huchelewa, hizi ziliwahi. Maana yake kuna kitu ambacho kazi yake ni kuzuia, na kikiharibika gari linaondoka halijajaa. Kitu hicho ni kimeng'enya Wee1, ambacho hubandika fosfeti kwenye Cdc2, injini ya mgawanyiko, na kuizima. Mwenzake Cdc25 hubandua fosfeti hiyo na kuiwasha. Nurse, Hartwell na Tim Hunt walipata Nobeli ya tiba mwaka 2001 kwa kazi hizi za mzunguko wa seli, na kabla ya hapo, mwaka 1987, Melanie Lee na Nurse walikuwa wameonyesha kwamba jeni ya binadamu inaweza kufanya kazi ya Cdc2 ndani ya kijiti.

Basi nani anamwambia Wee1 apumzike? Mwaka 2009 makundi mawili yalitoa wazo lililomvutia kila mtu, mimi nikiwamo. Protini Pom1 hukaa kwenye ncha mbili za kijiti, kama vibatari viwili kwenye ncha za ukumbi. Ukumbi ukiwa mfupi, mwanga unafika katikati na kumzuia Cdr2 anayekaa hapo. Ukumbi ukirefuka, katikati panaingia giza, Cdr2 anapata uhuru, anamzuia Wee1, seli inagawanyika. Rula ya mwanga! Tatizo ni kwamba ukivizima vibatari, yaani ukiiondoa Pom1 kabisa, vijiti vinagawanyika vifupi kuliko kawaida lakini bado vinasimamia ukubwa wake; Wood na Nurse waliliandika hilo mwaka 2013. Mwaka uliofuata kundi lingine lilionyesha kwamba Cdr2 yenyewe hujikusanya kwenye mkanda wa katikati kadiri eneo la ngozi linavyoongezeka. Seli kubwa, Cdr2 nyingi mkandani. Na Cdc25 nayo huongezeka kadiri seli inavyokua. Ile chumvi ya mchuzi sasa imegeuzwa: kadiri sufuria inavyopanuka, chumvi inazidi kukolea.

Kwa hiyo hata kijiti hakina mlinzi mmoja. Tofauti ni kwamba hapa tunakubaliana kuhusu anachofanya mlinzi, yaani anapima, na tunaendelea kujadili anafanyaje. Kwenye hamira hata lile la kwanza lina minong'ono.

Joto la Dar, umeme, na mfuko

Mpaka hapa kijiti kinashinda, na kama ningekuwa ninaandikia watu wa Edinburgh ningefungia hapa. Lakini tuko Dar.

Hamira iko kila duka, pakiti ndogo bei yake haina tofauti kubwa na nauli ya daladala. Kijiti hakiuzwi Kariakoo. Kinaagizwa kutoka hifadhi za chachu, kama ile ya Norwich, Uingereza, au za Japani, kwa barua ya idara, kibali cha kuingiza viumbe hai, na subira. Ukianza Oktoba kwa mradi wa Juni, sawa. Ukianza Aprili, umechelewa. Usije ukadhani utakitega kwenye mtungi wa komoni au tembo la mnazi kwa sababu jina ni letu. Humo utakuta chachu nyingi, hamira ikiwa miongoni mwake, na mradi wako utageuka kuwa wa kutambua chachu ni ya aina gani.

Ila hamira ya dukani nayo ina hila. Waoka mikate hawahitaji chachu iliyonyooka kijenetiki, wanahitaji inayoumua. Koo zao nyingi zina seti za kromosomu zaidi ya mbili, tena zisizolingana, na seti zikiongezeka seli hunenepa. Kwa hiyo usichukue kipimo ulichokisoma kuhusu ukoo wa maabara ukashangaa seli za pakiti yako kuwa kubwa. Linganisha pakiti na pakiti hiyohiyo.

Hila ya pili imeshanigharimu wiki mbili. Enzi zangu za uanafunzi niliikoroga hamira kwenye maji ya vuguvugu, nikaweka tone kwenye slaidi na kuanza kupima. Nilipima seli mia nne. Zilizochipua zilikuwa za kuhesabika, na mchoro wangu ulikuwa kama mchele uliomwagika. Seli za pakiti zimelala. Hazikui, kwa hiyo hazina uamuzi wa kufanya. Zilishe kwanza kwenye mchuzi wa glukosi wa asilimia 2 wenye dondoo ya hamira na peptoni, uzimue zikiwa bado chache, uzipime zikiwa katikati ya kasi ya kukua. Kijiti kina sharti hilohilo, na ndiyo, nacho hulishwa dondoo ya hamira.

Joto letu ni neema kwa zote mbili. Chachu hizi hupenda nyuzi 30 hivi, na chumba kisicho na kiyoyozi mwezi Februari kinakupa karibu hizo bure. Andika kipimajoto kinasema nini kila saa, basi. Mwezi Julai usiku hupoa, mambo yanasinzia, na huwezi kulinganisha data ya Julai na ya Februari. Kinachotuumiza ni unyevu na ukungu: sahani iliyoachwa wazi dakika tatu hapa huota bustani.

Muda nao una neno. Hamira iliyoshiba hujirudufu kwa dakika 90 hivi, kijiti kwa saa mbili na nusu hadi tatu. Ukitaka kufuatilia seli moja tangu kuzaliwa hadi kugawanyika na kumwona mtoto wake akifanya hivyohivyo, hamira inakupa hilo kabla ya mchana kuisha, kijiti kinaweza kukusukuma mpaka magharibi, na umeme hauna ahadi. Kwa zote, tengeneza kitanda chembamba cha agari juu ya slaidi, weka seli, funika kwa kioo, ziba kingo kwa mafuta ya mgando ili pasikauke. Kuchemshia vyombo, sufuria ya presha ya jikoni inafanya kazi vizuri tu.

Nani achukue ipi

Mwalimu wa sekondari, chukua hamira bila kufikiri mara mbili. Watoto wataona seli ikichipua kwa macho yao, na kipindi cha pili watauliza kwa nini nyingine zinachelewa. Kijiti usijisumbue nacho.

Mwanafunzi wa shahada ya kwanza aliyewahi, ambaye idara yake iko tayari kusaini barua: kijiti. Swali lako liwe la chakula. Fantes na Nurse waliona mwaka 1977 kwamba ukubwa wa kugawanyika hufuata hali ya lishe: vijiti vyenye chakula duni hugawanyika vikiwa vifupi. Lisha mchuzi mzuri na mchuzi duni wa naitrojeni, pima zenye ukuta mia moja kila upande, na usahihi wa asilimia 1 utakuonyesha tofauti hata ikiwa ndogo. Hadubini moja, simu moja, hakuna protini za kung'aa (zile zinazotoa mwanga ndani ya seli).

Aliyechelewa na ana pakiti tu mkononi, asikate tamaa ila apunguze swali. Asahau Whi5. Achukue seli binti peke yake, zilizotoka kukatika mbele ya macho yake, apime ukubwa wa kuzaliwa na dakika mpaka kuchipua. Ndogo zitangoja zaidi. Akosee ujazo kwa asilimia 15, haidhuru, maana tofauti kati ya binti mdogo na mkubwa inazidi kosa hilo, mradi aandike kosa lenyewe kwenye ripoti.

Na mwenye shahada ya uzamili anayetaka kuingia kwenye ugomvi wa Whi5 atahitaji hadubini ya kuonea protini za kung'aa na koo za maabara zilizohaririwa. Huyo haji kuniuliza mimi.

Binti wa mwaka wa tatu alisikiliza yote hayo akiwa amesimama, pakiti bado mkononi. Ilikuwa Aprili.

"Kwa hiyo mabinti tu, mwalimu?"

"Mabinti tu. Njoo Jumanne saa moja asubuhi, kabla hawajawasha kiyoyozi, na uje na mafuta ya mgando."